Chachu Iliyobaki: Pankeki, Biskuti, Brauni na Keki ya Ndizi Bila Kutupa Kitu

Anayetunza chachu ya mkate ya nyumbani, yaani unga na maji vilivyoachwa vichache, hulazimika kuipunguza kila anapoilisha unga na maji mapya. Asipofanya hivyo, kopo hufurika baada ya siku chache, na kila mlo hudai unga mwingi kuliko uliotangulia. Sehemu inayotolewa bado ni chakula. Ni unga wa ngano na maji, ila umekwisha kuchacha: bakteria wametengeneza asidi ya laktiki na asidi ya asetiki (hii ya pili ndiyo iliyomo kwenye siki), na nguvu yake ya kuumua imekwisha au inaelekea kwisha.

Wengi wakiambiwa waitie kwenye keki huogopa uchachu. Uchachu ni jambo dogo. Sukari hufunika sehemu yake na bekingi soda humaliza nyingine. Kinachoharibu vitafunio vitamu ni maji. Biskuti hutoka zimevimba na laini kama keki, brauni hazigandi katikati, keki hubaki na utepe mbichi chini. Ukijua maji yaliyoingia na chachu ni kiasi gani na yatolewe wapi, karibu kila kitamu unachojua kukioka kinaweza kupokea chachu.

Ipi itumike, ipi itupwe

Chachu inayopunguzwa kwenye kopo jipya lisilotimiza wiki mbili tupa tu. Siku za mwanzo bakteria wa kila namna bado wanagombania unga, wakiwemo wale wenye harufu ya kuoza, na hakuna sukari itakayoificha harufu hiyo. Subiri hadi chachu mama, ile unayoendelea kuilisha, iwe inapanda na kushuka kwa ratiba inayoeleweka baada ya kila mlo.

Kuanzia hapo, weka kopo la pili kwenye friji na uongeze humo kila unachopunguza. Usikaze mfuniko, kwa sababu hewa bado inatoka. Kwa vitu vitamu, itumie ndani ya wiki moja au mbili. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi ukali na ndivyo inavyolegea: asidi na vimeng'enya hukata nyuzi za gluteni (protini inayoufanya unga uvutike) hadi ile iliyokuwa inavutika ikawa uji. Kulegea huko si hasara. Keki na pankeki hazitaki gluteni ngumu, na chachu ya siku kumi mara nyingi hutoa pankeki nyororo kuliko ya jana.

Maji meusi au ya kijivu yanayoelea juu ni kilevi na asidi. Ukiyakoroga ndani, ukali unaongezeka. Kwa vitamu, yamwage. Harufu kali kama ya dawa ya kutoa rangi ya kucha maana yake chachu ina njaa. Kwenye oveni hupungua sana, ila usiitie kwenye keki nyepesi ya vanila ambayo haina kitu cha kuifunika. Ipeleke kwenye chokoleti au ndizi. Madoa ya pinki au ya rangi ya chungwa, au ukungu wenye manyoya, hapo hakuna mjadala: tupa kopo zima. Usichote juu ukabakiza chini.

Na usilambe mwiko. Unga mbichi unaweza kubeba bakteria wa kuumiza tumbo kama Salmonella na E. coli hata kama mchanganyiko hauna yai, na uchachu si kinga ya kutegemea.

Hesabu ya maji

Chachu nyingi hulishwa unga na maji kwa uzito ulio sawa. Kwa hiyo gramu 100 za chachu ni gramu 50 za unga na gramu 50 za maji. Kama yako ni nzito, yaani unailisha maji nusu ya uzito wa unga, gramu 100 zina takriban gramu 67 za unga na 33 za maji. Vipimo vyote vilivyo hapa chini ni vya chachu ya nusu kwa nusu.

Ukitaka kuingiza chachu kwenye keki unayoijua, toa nusu ya uzito wa chachu kwenye unga na nusu nyingine kwenye maziwa au maji. Keki yenye gramu 250 za unga na mililita 200 za maziwa ikipokea gramu 120 za chachu inabaki na gramu 190 za unga na mililita 140 za maziwa. Usivuke theluthi moja: unga uliomo ndani ya chachu usizidi theluthi ya unga wote, la sivyo keki inakuwa ya kunata na soda haiwezi tena kuudhibiti ukali. (Pankeki na brauni ziko nje ya sheria hii, sababu zitaonekana.)

Tumia mizani. Kikombe cha chachu iliyojaa mapovu na kikombe cha chachu iliyolala havilingani hata kidogo kwa uzito, na anayepima kwa kikombe atapata matokeo mapya kila wiki bila kujua kwa nini.

Biskuti ndizo zenye kazi, kwa sababu hazina maziwa ya kupunguza. Hapo maji hutolewa kwenye siagi na kwenye yai. Siagi ya kawaida ina maji takriban asilimia 16. Ukiichemsha hadi ibadilike rangi, gramu 150 hupoteza karibu gramu 24. Ute wa yai moja kubwa una uzito wa gramu 30 na kitu, na karibu wote ni maji. Ukitumia kiini peke yake na kuacha ute, jumla umeondoa takriban gramu 50, sawasawa na maji yaliyokuja na gramu 100 za chachu. Mapishi ya biskuti yanayosema "ongeza tu chachu" bila kugusa siagi wala yai yanakupikia vikeki vidogo.

Soda, na kwa nini isizidi

Bekingi soda ikikutana na asidi hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi papo hapo. Inafanya kazi mbili kwa pamoja: inaumua, na inapunguza ukali. Kipimo cha kuanzia ni robo kijiko cha chai kwa kila gramu 100 za chachu. Chachu ya zaidi ya wiki inaweza kuvumilia zaidi kidogo. Chachu iliyolishwa jana haina asidi ya kutosha, na soda isiyopata asidi hubaki ndani ya chakula ikileta ladha ya sabuni na rangi iliyokolea kupita kiasi.

Gesi hiyo haingoji. Soda ichekechwe pamoja na unga mkavu au inyunyizwe mwishoni, kisha rojo liende motoni ndani ya dakika chache. Ukiona povu zuri bakulini halafu ukaenda kuwasha oveni, povu lile ndilo lingeinua keki yako. Ukijua utachelewa, tia na bekingi pauda kidogo, maana hiyo hutoa gesi nyingine baadaye ikipata joto.

Jambo la mwisho kabla ya kuwasha moto: toa chachu kwenye friji saa moja mapema. Ikiwa ya baridi, siagi iliyoyeyushwa huganda ndani yake vipande vipande na hutaweza kuichanganya tena vizuri.

Pankeki

Hizi ndizo za kuanzia, kwa kuwa rojo lake lina maji mengi na chachu inaingia kwa wingi bila kuleta shida. Zinatoka kama kumi.

- Chachu gramu 200
- Unga wa ngano gramu 120
- Maziwa mililita 220
- Yai 1
- Siagi iliyoyeyushwa gramu 30
- Sukari gramu 25
- Bekingi soda nusu kijiko cha chai
- Bekingi pauda nusu kijiko cha chai
- Chumvi robo kijiko cha chai

Piga chachu, maziwa, yai na siagi kwa mchapo hadi chachu iachane na isionekane tena kama utando. Maziwa yanaweza kukatika kidogo kwa sababu ya asidi, yaache. Changanya vikavu pembeni, vimimine ndani, koroga mara kumi au kumi na tano, basi. Vidonge vidogo vya unga vitayeyuka vyenyewe. Ukikoroga mpaka rojo linyooke kama hariri, umeamsha gluteni na umefukuza gesi, na pankeki zitakuwa za mpira.

Kikaango kiwe cha moto wa wastani. Tone la maji likidunda na kukauka, kiko tayari. Mimina robo kikombe, subiri mapovu yapasuke na kingo zipoteze mng'ao, geuza mara moja tu. Zikiiva nje haraka huku ndani kukiwa kubichi, moto ni mkubwa. Zikitoka na rangi ya kahawia inayoelekea wekundu na uchungu kidogo, soda imezidi.

Wanaopenda kuandaa usiku wanaweza kuchanganya chachu, unga na maziwa na kuviacha kwenye friji hadi asubuhi. Yai na siagi viingie asubuhi, soda na pauda mwisho kabisa.

Pankeki nyembamba za kukunja hazihitaji hata unga mwingine: chachu gramu 100, yai 1, maziwa mililita 60, siagi iliyoyeyushwa gramu 10, kijiko cha chai cha sukari na chumvi kidogo. Hakuna soda. Rojo liwe jepesi kama krimu ya kumimina. Likiwa zito ongeza maziwa kijiko kwa kijiko. Zinatoka nne au tano za kikaango cha sentimita 20.

Biskuti za chokoleti

Kwa biskuti kama 18:

- Siagi isiyo na chumvi gramu 150
- Sukari ya kahawia gramu 120 na nyeupe gramu 100
- Kiini 1 cha yai
- Vanila kijiko 1 cha chai
- Chachu gramu 100
- Unga wa ngano gramu 190
- Bekingi soda nusu kijiko cha chai
- Chumvi nusu kijiko cha chai
- Chokoleti chungu iliyokatwakatwa gramu 170

Weka siagi kwenye sufuria ya rangi nyepesi ili uone kinachoendelea. Itayeyuka, itachemka kwa kelele na kutoa povu. Kelele hiyo ni maji yanayotoka. Ikinyamaza na chini kukaanza kuonekana punje za kahawia zenye harufu ya karanga, iepue na uimimine kwenye bakuli mara moja, pamoja na punje zake. Sekunde thelathini za ziada kwenye sufuria ya moto zinatosha kuiunguza. Ipime: iwe kati ya gramu 120 na 128. Ikibaki 140, haijamaliza kutoa maji, irudishe motoni.

Iache ipoe hadi iwe vuguvugu, kidole kivumilie bila taabu. Usiharakishe hatua hii. Wanga wa unga huanza kuganda karibu na nyuzi joto 60, na chachu ikitiwa kwenye siagi ya moto hujikunja madonge ambayo mchapo hautayavunja.

Changanya siagi na sukari zote mbili, kisha kiini na vanila, piga kwa dakika moja hadi mchanganyiko ung'ae. Ingiza chachu, piga tena. Mafuta yakijitenga pembeni, endelea kupiga, yatakubali. Unga, soda na chumvi viingie kwa mwiko, mwishowe chokoleti. Donge litaonekana laini mno. Usiongeze unga. Lifunike, liweke kwenye friji kwa saa mbili angalau, na likilala usiku kucha ni bora zaidi, kwani unga hunywa maji na biskuti hutawanyika kwa kiasi.

Gawa madonge ya gramu 45, yaachie nafasi ya sentimita 6, oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 11 hadi 13. Zitoe kingo zikiwa zimekamata na katikati pakionekana pabichi kidogo, ziache kwenye trei dakika kumi zijimalizie. Ukingoja katikati pakauke ndani ya oveni, zikipoa zitakuwa ngumu.

Zikivimba na kuwa kama keki, maji hayakutoka yote: ama siagi haikuchemka vya kutosha, ama chachu yako ni nyepesi kuliko nusu kwa nusu. Zikitawanyika na kuungana, donge lilikuwa na joto.

Brauni zisizo na unga mwingine

Chokoleti na uchachu vinapendana, na brauni hazihitaji kuumuka. Ndiyo maana hapa chachu ndiyo unga wote na soda haina nafasi. Ukiitia unapata keki kavu.

Yeyusha gramu 170 za chokoleti chungu na gramu 115 za siagi juu ya mvuke, acha zipoe kidogo. Kwenye bakuli jingine piga mayai 2, gramu 220 za sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa dakika nne au tano mpaka yawe meupe na mazito. Kupiga huku ndiko kunakoleta ule utando mwembamba unaopasuka juu, kwa hiyo usikukate. Mimina chokoleti, chekecha gramu 40 za kakao, changanya. Mwishowe gramu 120 za chachu, na koroga tu hadi michirizi myeupe iishe.

Bati la mraba la sentimita 20, karatasi ya kuokea chini na kando, nyuzi 175, dakika 28 hadi 32. Kijiti kitoke na chembe zenye unyevu. Kikitoka kisafi umechelewa, na kikitoka na rojo linalotiririka ongeza dakika tatu. Usikate kabla hazijapoa kabisa. Brauni za chachu hubeba maji mengi kuliko za kawaida na zikikatwa za moto huonekana mbichi hata zikiwa zimeiva.

Kakao ya aina yoyote inafaa hapa kwa kuwa hakuna soda ya kuitegemea. Kwenye keki za kuumuka ni tofauti: kakao ya asili ina asidi yake, ile iliyotiwa alkali haina, na ukibadilisha moja kwa nyingine hesabu ya soda inabadilika.

Keki ya ndizi

Ndizi ziwe na maganda yenye madoa meusi mengi. Za njano tupu hazina utamu wa kutosha kukabili chachu. Ponda gramu 280, kama tatu za wastani zikishamenywa. Changanya na mayai 2, gramu 150 za sukari, mililita 110 za mafuta na gramu 150 za chachu. Chekecha juu yake gramu 190 za unga, kijiko 1 cha chai cha bekingi soda, nusu kijiko cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chai cha mdalasini. Kunja kwa mwiko hadi unga mkavu upotee, mimina kwenye bati refu la sentimita 22 kwa 12, oka kwa nyuzi 175 kwa dakika 55 hadi 65.

Soda hapa imezidi kile kipimo cha kuanzia kwa makusudi: ndizi nazo zina asidi, na rojo zito linahitaji msukumo. Kosa la kawaida ni kuitoa mapema, kwa sababu juu hukolea rangi tangu dakika ya 40 kutokana na sukari ya ndizi. Funika juu kwa karatasi ya alumini na uache ndani iendelee. Kwa mwenye kipimajoto, katikati pafike nyuzi 93 hadi 96. Utepe mzito unaonata chini ya keki maana yake ndizi zilizidi uzito au rojo lilikaa mezani hadi gesi ikaisha. Matundu marefu yaliyosimama wima yanatokana na kukoroga kupita kiasi.

Kuhifadhi

Chachu inayozidi friji igandishe kwenye vikombe vya gramu 100, ukiandika tarehe. Hukaa miezi kadhaa. Ikiyeyuka itakuwa nyepesi na imejitenga, ikoroge tu. Kwa mkate isitegemewe, kwa vitamu haina tofauti.

Madonge ya biskuti yagandishe yakiwa yameshagawanywa, yakiwa magumu yatie kwenye mfuko. Yaoke bila kuyayeyusha, ukiongeza dakika mbili. Rojo la pankeki lenye soda ndani halifai kugandishwa. Pika zote, zigandishe zikiwa zimetenganishwa kwa karatasi, kisha zipashe kwenye kikaango kikavu.